Photomath, Khan Academy au GeoGebra: Programu ya Hisabati Ambayo Mwanafunzi wa Sekondari Ataikubali, na Ile Itakayomfaa

Mzazi wa Tanzania ambaye ameshalipia tuisheni ya Hisabati mihula miwili mfululizo, na bado haoni mabadiliko katika ripoti ya mtoto wake wa sekondari, siku hizi huambiwa na jirani, na mwalimu, au na mtoto mwenyewe, kwamba ipo programu ya simu itakayomaliza tatizo. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini haujakamilika, kwa sababu programu hizo ni nyingi, hazifanyi kazi moja, na ile ambayo watoto huipenda upesi si lazima iwe ile inayowafundisha. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, na makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mzazi huyo pamoja na mwalimu mwenzangu anayeombwa ushauri mlangoni mwa darasa. Nitaziweka bega kwa bega programu tatu zinazojulikana sana, Photomath, Khan Academy na GeoGebra, kisha nigusie zile zilizotengenezwa kwa kuyafikiria mazingira yetu, na nitazipima kwa maswali mawili. Je, mwanafunzi ataikubali programu hii na kuendelea kuitumia bila kusukumwa? Na akishaikubali, atabaki na nini siku atakapoingia kwenye chumba cha mtihani, ambako simu hairuhusiwi?

Swali la pili lina uzito wa pekee kwetu. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne unaosimamiwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ufaulu wake katika miaka ya karibuni ukizunguka kati ya asilimia 20 na 25. Maana yake ni kwamba katika kila wanafunzi wanne wanaoufanya mtihani huo, takriban watatu hutoka bila ufaulu wa somo hilo. Hatuchagui pambo la kuongezea maarifa yaliyokwisha kukaa vizuri, bali tunatafuta msaada kwa watoto walio wengi ambao somo limewashinda.

Kukubali ni kukubali nini?

Watafiti wa teknolojia wamelishughulikia kwa muda mrefu swali la kwa nini watu hukikubali chombo kipya au hukikataa. Mwaka 1989 Fred Davis wa Marekani alieleza kwamba kukubali hutegemea mambo mawili makubwa: kama mtu anaamini chombo hicho kitamfaa katika kazi yake, na kama anaona ni rahisi kukitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh, akishirikiana na Davis na wenzao wengine wawili, aliongeza ushawishi wa watu ambao mtumiaji anawathamini, pamoja na mazingira yanayomwezesha, yaani vifaa, mtandao na mtu wa kumuuliza anapokwama. Baadaye, mwaka 2012, yakaongezwa raha ya kutumia, bei, na mazoea.

Vipimo hivi vilianza kwa kuwaangalia zaidi watu wazima mahali pa kazi, na hapo ndipo mzazi na mwalimu wanapaswa kuwa waangalifu wanapovileta kwa mtoto wa shule. Karani akipata chombo kinachomaliza hesabu za mshahara kwa nusu saa badala ya siku nzima, chombo hicho kimemfaa kweli, kwa sababu kazi yake ni kumaliza hesabu hizo. Mwanafunzi anayemaliza maswali kumi ya kazi ya nyumbani kwa dakika tano naye atasema programu imemfaa, na atasema kwa dhati, ilhali kazi aliyopewa haikuwa kuyamaliza maswali kumi bali kuupata uwezo wa kuyafanya mengine mia moja ambayo hajayaona. Kwa hiyo mtoto anaposema kwamba programu fulani ni nzuri na inamsaidia sana, inafaa aulizwe: inakusaidia kufanya nini?

Swali moja, programu mbili

Tuchukue swali la kawaida la miaka ya mwanzo ya sekondari, milinganyo miwili ya pamoja: 2x + 3y = 12, na x − y = 1. Jibu lake ni x = 3 na y = 2. Tuseme mwanafunzi ameanza vizuri kwa kutaka kuiweka x upande mmoja katika mlinganyo wa pili, lakini akakosea ishara na kuandika x = 1 − y mahali pa x = 1 + y. Akiendelea na kosa hilo bila kukosea tena, atapata y = 10 na x = −9, majibu ambayo kwa macho yake hayana dosari yoyote. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote ninaposahihisha madaftari.

Akiwa na Photomath, programu iliyoanzia Kroatia mwaka 2014 na ambayo sasa imo mikononi mwa Google, ataifungua kamera, ataielekeza kwenye milinganyo, iwe imechapwa kitabuni au imeandikwa kwa mkono, na kwa muda mfupi sana atalipata jibu pamoja na hatua zake. Programu humpa hata uchaguzi wa njia, kwa mfano kubadili herufi moja kwa nyingine au kuondoa herufi moja kwa kutoa mlinganyo kutoka kwa mwingine, na akigusa hatua fulani anaelezwa kilichofanyika. Kwa urahisi wa kutumia sijaona programu ya Hisabati inayoikaribia. Haimtaki mtoto ajue jina la mada wala achague darasa, na wala haimtaki asubiri. Anachohitaji ni swali na kamera.

Akiwa na Khan Academy mambo huenda kwa mwendo mwingine. Hili ni shirika lisilotafuta faida, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Salman Khan, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa akimfundisha binamu yake Hisabati akiwa mbali kwa njia ya mtandao. Huduma zake za masomo kwa mwanafunzi hutolewa bure. Mwanafunzi hutafuta mada, hutazama video fupi ya mtu anayeandika na kueleza, kisha huingia kwenye mazoezi. Akiandika y = 10, programu humwambia kwamba hapana, na humwachia nafasi ya kujaribu tena. Akikwama kabisa anaweza kuomba vidokezo, vinavyofunuliwa kimoja baada ya kingine, na kidokezo cha mwanzo kikimwonyesha kwamba x = 1 + y, atarudi kwenye daftari lake na kuiona ishara iliyompotosha. Swali lililofanywa kwa msaada wa kidokezo halihesabiwi kuwa amelipata, na kwa sababu hiyo mwanafunzi asiye na subira hukasirika. Mimi hilo hunifurahisha, kwa kuwa linamwambia mtoto ukweli kuhusu mahali alipofika.

Tofauti ya programu hizi mbili, basi, imo katika mahali pa kosa. Kwenye Photomath kosa la mwanafunzi hubaki daftarini, mara nyingi likifutwa kwa kifutio, na hatua sahihi huandikwa juu yake, na kama hakulinganisha mstari kwa mstari hatajua kamwe kwamba tatizo lake ni ishara na si njia. Kwenye Khan Academy kosa ndilo linalosimamisha safari mpaka lishughulikiwe. Nimewahi kukusanya madaftari ya darasa zima na kukuta safu nzima ya wanafunzi wametumia njia ambayo nilikuwa sijaifundisha, kwa mpangilio uleule wa hatua, wakiruka mahali palepale. Nilipomwita mmoja ubaoni na kumpa milinganyo mingine ya aina hiyohiyo, aliandika mstari wa kwanza akanyamaza. Hakuwa mtoto mvivu. Alikuwa ameamini kwa moyo wote kwamba kuandika hatua zile usiku uliopita kulikuwa ni kujifunza.

Nisiionee Photomath, hata hivyo. Mtoto anayesoma saa 3 usiku katika nyumba ambayo hakuna anayeweza kumweleza milinganyo hana mwalimu mwingine saa hiyo isipokuwa huo mwanga wa simu. Mtihani wa Hisabati wa NECTA humtaka mtahiniwa aonyeshe wazi hatua zote muhimu za kazi yake, na mwanafunzi anayejifunza kuzipanga hatua kwa kuziangalia zilizopangwa vizuri amepata kitu. Mwanafunzi ambaye amekwisha kulifanya swali kwa mkono wake, kisha akaifungua programu ili kuhakiki, ananufaika nayo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo, programu yenyewe haina njia ya kumtaka aanze kwa mkono. Sharti hilo litatoka kwake mwenyewe au kwa mtu mzima aliye karibu naye.

Fundisho kutoka Uturuki

Hofu hii ya kupata jibu bila kupata uwezo imepimwa vizuri na utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2025, uliofanywa na Hamsa Bastani wa University of Pennsylvania na wenzake katika shule moja ya sekondari nchini Uturuki, ukiwahusisha wanafunzi karibu elfu moja wa Hisabati. Chombo kilichopimwa hakikuwa Photomath bali akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, lakini mambo yaliyoonekana yanatuhusu moja kwa moja. Kundi lililopewa chombo hicho katika umbo lake la kawaida, ambalo humpa mtu jibu alitakalo, lilipandisha alama za mazoezi kwa asilimia 48. Chombo kilipoondolewa na mtihani ukafanywa, kundi hilohilo lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wanafunzi ambao hawakuwahi kukitumia kabisa. Kundi la tatu lilipewa chombo kilichorekebishwa ili kitoe vidokezo vilivyoandaliwa na walimu na kisitoe jibu moja kwa moja. Hilo lilipandisha alama za mazoezi kwa asilimia 127, na kwenye mtihani halikupata hasara ile.

Ninauona utafiti huu kuwa wa maana sana katika uchaguzi tunaoufanya hapa, kwa sababu makundi yote mawili yalikikubali chombo na kukitumia. Kilichowatenganisha kilikuwa muundo wa chombo chenyewe: kama kinatoa jibu au kinatoa kidokezo. Photomath, kwa tabia yake, iko karibu zaidi na kundi la kwanza, nayo Khan Academy iko karibu na la tatu. Mzazi anayeona mtoto wake anatumia akili mnemba ya kawaida kwa kazi za Hisabati aichukulie kama anavyoichukulia Photomath, tena kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa chombo hicho kinaweza kukosea hesabu na kulieleza kosa lake kwa lugha ya uhakika kabisa.

Bando, simu na lugha

Mpaka hapa Khan Academy inaonekana kushinda, na kama uchaguzi ungefanywa mezani ningeishia hapa. Lakini mwanafunzi anaikubali programu katika nyumba yake halisi, kwa simu iliyopo na bando lililopo.

Picha moja ya swali hutumia data kidogo sana. Video ya dakika 10 inaweza kumaliza makumi ya megabaiti, na mwanafunzi anayejifunza mada nzima huhitaji video kadhaa. Katika nyumba nyingi simujanja ni moja, ni ya mama au ya baba, hufanyia biashara na kupokelea fedha, na mtoto huipata usiku kwa nusu saa, bando likiwa limebaki kidogo. Aghalabu mtoto wa kike huipata baada ya vyombo kuoshwa, wakati kaka yake alishaimaliza zamu yake. Katika hali kama hiyo mtoto anayechagua programu itakayompa kitu ndani ya dakika tano hafanyi uamuzi wa kipuuzi. Programu ya Khan Academy huruhusu video kupakuliwa na kutazamwa baadaye bila mtandao, na mzazi anayeweza kupita mahali penye mtandao wa bure, au kuwa na bando la usiku, anaweza kuandaa video za wiki nzima kwa mara moja. Lakini mazoezi, ambayo ndiyo roho ya programu hiyo, huhitaji mtandao.

Lugha ni kikwazo kingine, na walimu wengi hukisahau kwa sababu wao wamekwisha kukizoea. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anapoingia kidato cha kwanza anakutana na somo lilelile kwa Kiingereza. Khan Academy humletea Kiingereza cha Marekani kinachosemwa kwa kasi, chenye mifano ya dola, futi na maili, na hata baadhi ya istilahi zake hutofautiana na za vitabu vyetu: mwinamo wa mstari wao huuita slope, wakati vitabu vyetu mara nyingi huuita gradient, na umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba huliita trapezoid, wakati sisi huliita trapezium. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuiacha programu hiyo ndani ya wiki moja, nasi tukadhani hapendi Hisabati, kumbe hakuyasikia maneno. Photomath humwepusha na hilo kwa njia rahisi, kwani alama za Hisabati ni zilezile kila mahali na maelezo yake ni mafupi.

Dawa ninayoipendekeza ni mtu mzima au mwanafunzi wa kidato cha juu kukaa na mtoto katika video tatu au nne za mwanzo, kuisimamisha video, na kumuuliza kwa Kiswahili: amefanya nini hapa, na kwa nini? Baada ya hapo sikio huzoea. Nimeliona hili mara nyingi kiasi cha kulisema bila wasiwasi.

Jambo moja katika Khan Academy hulipa gharama zote hizo, nalo ni faragha ya kurudi nyuma. Wanafunzi wetu wengi wa kidato cha tatu hawajashindwa na mada za kidato cha tatu. Wameshindwa na sehemu, na namba hasi, na asilimia, mambo ya darasa la tano na la sita. Hakuna anayeweza kunyoosha mkono mbele ya wenzake hamsini na kusema hajui kujumlisha nusu na theluthi. Kwenye programu anarudi huko peke yake, anakosea mara saba bila mtu kumcheka, na hapo pengo huzibika. Kwa mtoto wa aina hiyo Photomath haina la kumpa, maana kila swali analolipiga picha linategemea kitu ambacho hakijui.

Mada ambazo programu za nje hazizijui

Muhtasari wetu wa somo (syllabus) una mada ambazo mwanafunzi hatazikuta Khan Academy kwa umbo linaloulizwa na NECTA. Mfano mzuri ni ile ya Dunia kama tufe, ambamo mwanafunzi hupewa latitudo na longitudo za miji miwili na kutakiwa kutafuta umbali. Tanga na Ruvu, kwa mfano, zikichukuliwa kuwa zote ziko kwenye longitudo 39° Mashariki, moja ikiwa 5° Kusini na nyingine 7° Kusini, zinatengana kwa nyuzi 2, yaani maili za baharini 120, au takriban kilomita 222. Ugumu wa swali hili hauko kwenye kukokotoa bali kwenye kujua nyuzi zijumlishwe au zitolewe, na lini kosini ya latitudo iingie. Hapo Photomath haimsaidii mwanafunzi mpaka awe ameshaiandika kanuni, na aliyeweza kuiandika kanuni amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya swali. Hali ni hiyohiyo kwa mada ya hesabu za biashara, yenye leja na urari wa majaribio.

Kwa mada hizi mwanafunzi anahitaji kitu cha nyumbani. Shule Direct, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2013 na Faraja Kotta Nyalandu, hutoa notisi na maswali ya sekondari kwa kufuata muhtasari wa Tanzania, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Havina mvuto wa kamera inayosoma mwandiko, lakini mada hukaa kwa mpangilio ambao mwalimu anaufuata darasani, na ulinganifu huo huongeza sana uwezekano wa mtoto kuendelea kuvitumia, kwa sababu alichokisoma jana usiku kinamjibia swali la leo asubuhi. Jambo la kuhakikisha ni toleo: mtaala wa Tanzania umeboreshwa mwaka 2023, na notisi zilizoandikwa kabla ya hapo hazilingani na vitabu vipya katika kila sura. Kwa nyumba isiyo na simujanja, wazo la kutumia ujumbe mfupi limewahi kufanya kazi katika ukanda wetu, na huduma ya Shupavu 291 ya Kenya, iliyotuma masomo na maswali kwa simu ya kitochi, ni mfano unaojulikana. Kwa Hisabati njia hiyo ina mipaka inayoonekana, kwani mchoro wa duara au grafu hauingii katika ujumbe mfupi.

GeoGebra: si mwalimu, ni ubao

Wengi huilinganisha GeoGebra na mbili zile kana kwamba ni ya aina moja nazo, na kwa kosa hilo huishia kuiona ngumu. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter akiwa Salzburg, Austria, mwaka 2001, na hutumika bure kwa kujifunzia. Kazi yake kuu si kufundisha somo wala kutoa zoezi. Ni ubao wa kuchorea unaotii amri, na ikishawekwa kwenye simu au kompyuta inaweza kufanya kazi bila mtandao, jambo ambalo kwa shule nyingi lina thamani kuliko mapambo mengine yote.

Mpe mwanafunzi mlinganyo y = mx + c, mwache aibadilishe m kwa kidole na kuutazama mstari ukiinuka na kulala, kisha aibadilishe c na kuuona ukipanda na kushuka bila kugeuza mwinamo wake. Katika dakika mbili ataelewa kitu ambacho mimi kwa chaki hunichukua kipindi kizima, tena kwa michoro isiyonyooka. Vivyo hivyo kwa mada ya kidato cha nne ya linear programming, ambamo mwanafunzi hupewa masharti ya malighafi na nguvukazi, akayachora kwenye grafu, kisha akatafuta pembe ya eneo inayompa faida kubwa zaidi. Hapa kuna tahadhari ambayo lazima itajwe: GeoGebra hutia kivuli eneo linalotimiza sharti, wakati vitabu vingi vya kwetu humfundisha mwanafunzi kutia kivuli eneo lisilotakiwa ili linalotakiwa libaki jeupe. Mwalimu asipolisema hilo mapema, programu itamchanganya mtoto mwenye bidii.

Je, wanafunzi huikubali? Wakiwa peke yao, kwa kawaida hapana, kwa kuwa haiwamalizii kazi ya nyumbani. Wakiongozwa na mwalimu, huipenda kuliko zote. Kwa lugha ya Davis, faida yake haionekani mpaka mtu aionyeshe, na kwa sababu hiyo simshauri mzazi aipakue na kumkabidhi mtoto. Namshauri mwalimu ajifunze michoro mitano tu, aionyeshe kwa projekta au hata kwa simu moja inayozungushwa kwenye vikundi, na awape wanafunzi swali la kubashiri kabla hajausogeza mstari.

Shule za bweni

Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, na kwa hiyo mjadala wa programu ipi aipende haumfikii mpaka shule yenyewe ichukue hatua. Kwa shule yenye kompyuta chache lakini isiyo na intaneti ya kutegemewa, chaguo lililo wazi ni Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na Learning Equality, shirika lilelile lililowahi kuleta namna ya kutumia video za Khan Academy bila mtandao. Masomo hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya bei nafuu, na vifaa vingine vya chumba hicho huyapata kwa mtandao wa ndani bila bando. Video na mazoezi ya Khan Academy vimo, mwalimu anaweza kupanga somo na kuona nani amekwama wapi, na maandishi ya programu yenyewe yanapatikana kwa Kiswahili. Sharti lake ni mtu wa kuitunza. Nimeshuhudia maabara nzuri ya kompyuta ikifungwa kwa kufuli muhula mzima kwa sababu aliyekuwa na ufunguo alihamishwa, na hakuna programu inayoweza kukubaliwa na wanafunzi nyuma ya mlango uliofungwa.

Nani achukue ipi

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili ambaye msingi wake ni dhaifu, nachagua Khan Academy bila kusita, aanzie mada za shule ya msingi, dakika 30 kwa siku nne za wiki, akiwa na mtu wa kumfafanulia lugha mwezi wa kwanza. Kama bando halitoshi, apunguze video na atunze mtandao kwa ajili ya mazoezi, kwa sababu maelezo anaweza kuyapata kwenye kitabu, lakini kitabu hakimwambii papo hapo kwamba amekosea.

Kwa mwanafunzi wa kati, anayeelewa darasani lakini hupoteza alama kwa makosa madogo, Photomath inafaa kwa sharti moja ambalo mzazi anaweza kulisimamia hata kama hajui Hisabati: ukurasa wa daftari ugawanywe kwa mstari wa wima, kushoto ikae kazi yake aliyoifanya kwa kalamu ya wino kabla ya kupewa simu, kulia aandike mstari wa kwanza tu ambao programu imetofautiana naye, na sababu yake kwa sentensi moja. Mzazi hahitaji kuangalia kama hesabu ni sahihi. Anaangalia kama upande wa kushoto umejaa kabla simu haijatoka mfukoni.

Kwa mwenye uwezo mkubwa anayejiandaa kwa Hisabati ya kidato cha tano na sita, GeoGebra ndiyo itakayompeleka mbali zaidi, na huyo ataweza kuitumia hata peke yake.

Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne aliyebakiwa na miezi mitatu, jibu langu ni tofauti na matarajio ya wengi. Asianze programu mpya ya kigeni sasa. Achukue mitihani iliyopita ya NECTA na notisi zinazofuata muhtasari wake, aifanye mitihani hiyo kwa muda uliopangwa simu ikiwa chumba kingine, na Photomath aifungue baada ya muda kwisha, kwa maswali yale tu aliyoyakosa.